Plagi Ninayoipenda na Plagi Nisiyoipenda

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, dawa na mavuno. Lakini kazi hiyo inaniingiza katika nyumba nyingi za Mwandoya na vijiji vya jirani hapa wilayani Meatu. Nikiingia kuangalia pamba iliyohifadhiwa, macho yangu huenda pia ukutani. Hapo ninaona jinsi tunavyounganisha umeme wetu.

Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika mahali pengi ambapo zamani palikuwa na koroboi tu. Wengine wetu tunatumia umeme wa TANESCO, na wengine tunatumia sola. Hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini angalia jambo hili. Pamba yetu hukaa ndani ya nyumba mpaka tuipeleke chama cha msingi. Mara nyingi magunia hupangwa chumba kile kile chenye soketi. Pamba kavu hushika moto upesi sana. Cheche moja ikitoka kwenye plagi mbovu, jasho la msimu mzima linaweza kuteketea. Na humo humo ndani watoto wamelala.

Kwa sababu hiyo leo tuzungumze juu ya plagi na viungio vya waya. Nitakuambia ninazozipenda na nisizozipenda, na sababu zake.

PLAGI NINAYOIPENDA

Plagi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya pini tatu bapa. Ilianza kutengenezwa Uingereza kwa kipimo kilichotolewa mwaka 1947. Hapa kwetu ndiyo plagi inayofaa soketi nyingi za ukutani. Ninaipenda kwa sababu nne.

Kwanza, pini yake ya juu ni ndefu kuliko zile mbili. Hiyo ndiyo huingia mwanzo. Ndani ya soketi kuna vizibo vidogo vya plastiki vinavyofunika matundu mawili ya chini. Pini ndefu ikiingia, vizibo hufunguka. Plagi ikitoka, vizibo hufunga. Mtoto akichokoa tundu la chini kwa msumari, msumari hukuta kizibo.

Pili, ile pini ndefu ni ya waya wa ardhi. Ukiwa na pasi, jiko au friji yenye mwili wa chuma, umeme unaweza kuvuja ukafika kwenye chuma hicho. Waya wa ardhi huuchukua umeme huo na kuupeleka ardhini, badala ya kupitia mwilini mwako. Lakini lazima fimbo ya ardhi ya nyumba yako iwe nzuri. Udongo wetu hukauka sana wakati wa kiangazi, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Mwambie fundi aipime fimbo hiyo.

Tatu, ndani ya plagi kuna fyuzi. Umeme ukizidi kiasi, fyuzi hukatika kabla waya haujaungua.

Nne, ndani yake kuna kibanio kinachoshika waya. Mtu akijikwaa kwenye waya, nyuzi za ndani hazichomoki upesi.

JINSI YA KUIFUNGA

Chomoa plagi kwanza. Ifungue, kisha ishike ili pini ya ardhi iwe juu na uwe unatazama ndani yake. Waya wa kahawia hukaa kulia, upande wenye fyuzi. Waya wa bluu hukaa kushoto. Waya wa kijani na njano hukaa juu. Kumbuka hivi: kahawia, kulia. Maneno hayo mawili yanaishia sawasawa.

Waya wa zamani una rangi nyingine. Mwekundu hukaa mahali pa kahawia, mweusi mahali pa bluu, na wa kijani mahali pa ardhi.

Kaza skrubu vizuri. Kibanio kishike ganda la nje la waya, kisishike nyuzi za ndani.

Chagua fyuzi inayolingana na kifaa. Umeme wetu ni wa volti 230. Kifaa kisichofika wati 700, kama redio, feni au taa, kinatosha fyuzi ya ampea 3. Pasi, birika na jiko huhitaji fyuzi ya ampea 13, ambayo hubeba karibu wati 3,000. Kama kifaa kimeandikwa fyuzi yake, fuata maandishi hayo.

Fyuzi ikikatika, wengine huzungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Usifanye hivyo. Karatasi hiyo haikatiki mapema. Waya ndio utakaoungua badala yake.

PLAGI NISIYOIPENDA

Sasa tuje kwenye plagi nisiyoipenda. Ni ile ya pini mbili za mviringo, ikiingizwa kwenye soketi ya matundu matatu bapa. Umeona jinsi inavyofanywa. Mtu huchukua kijiti au kalamu, akakitia tundu la juu ili vizibo vifunguke. Kisha husukuma pini mbili kwa nguvu.

Pini mbili zenyewe hazina kosa. Katika nchi nyingi za Ulaya kuna soketi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kosa ni kuiingiza mahali pasipo pake. Pini ya mviringo hupanua vishikio vya soketi. Vikipanuka, havishiki tena, hata ukirudisha plagi nzuri. Mahali palipolegea umeme hurukaruka, hutoa joto na cheche. Tena plagi hiyo haina fyuzi.

Liko jambo lingine baya kuliko hilo. Watoto wanakutazama. Leo wamekuona ukitia kijiti ndani ya soketi. Kesho watajaribu wenyewe, na huenda watatumia msumari.

Dawa yake ni rahisi. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi na pini tatu bapa, au mwite fundi akate plagi ile na kufunga nyingine inayofaa. Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya TBS. Bei ya plagi nzuri ni ndogo kuliko bei ya gunia moja la pamba.

Lakini iko mbaya zaidi. Ni waya usio na plagi kabisa. Ncha zake mbili huvuliwa ganda, zikatiwa ndani ya soketi, na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Huko ni kuweka moto na kuni zake mahali pamoja. Ukiona hivyo nyumbani kwako, zima swichi leo, wala usingoje kesho.

KUUNGA WAYA

Waya ukiwa mfupi, wengi wetu huusokota kwa vidole na kuufunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Kiungio cha namna hiyo hulegea. Kikilegea hupata joto, na nailoni huyeyuka.

Mimi napenda konekta ya skrubu. Waya huingia pande mbili, na skrubu huubana. Hata hivyo, konekta isiachwe wazi ikining'inia. Iwe ndani ya kiboksi kilichofungwa, mbali na mikono ya watoto na mbali na magunia. Lakini ulio bora kuliko yote ni waya mmoja mrefu usio na kiungio.

WENYE SOLA NAO WASIKILIZE

Watu wengi husema, "Sola ni volti 12 tu, haina hatari." Ni kweli kwamba volti 12 haikurushi. Lakini inaweza kuchoma nyumba. Sababu ni hii: volti zikiwa chache, umeme mwingi zaidi lazima upite kwenye waya. Televisheni ya wati 60 ikitumia volti 230 huvuta karibu robo ya ampea. Ikitumia volti 12 huvuta ampea 5. Hiyo ni karibu mara ishirini. Kiungio kikilegea hapo, joto lake ni kubwa.

Kwa hiyo sipendi vibanio vya meno kwenye betri kwa matumizi ya kila siku. Hivyo hulegea na kushika kutu. Ninapenda waya wenye pete, unaofungwa kwa bolti. Weka pia fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Usibadilishe chanya na hasi, maana utaharibu vifaa.

Juu ya bati, paneli huunganishwa kwa konekta iitwayo MC4. Hiyo ninaipenda. Huingia na kulia "ta!", haichomoki ovyo, na haingizi maji. Lakini usiichomoe jua likiwaka na umeme ukipita, kwani hutoa cheche kali.

DALILI ZA HATARI

Tumia mkono, pua, macho na masikio. Plagi ikiwa na joto la kuunguza, si nzuri. Harufu ya plastiki inayoungua, weusi kwenye soketi, au mlio wa kuchemka ni dalili mbaya. Zima meni swichi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mtu akinaswa na umeme wa nyumbani, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ukishindwa kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima umeme, kisha tumia mchanga mkavu. Nguzo au nyaya za barabarani zikianguka, usizikaribie kabisa. Kaa mbali na uwaarifu TANESCO.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine?
2. Nyumbani kwako kuna soketi inayotiwa kijiti? Utaibadilisha lini?
3. Magunia yako ya pamba yako umbali gani na soketi?

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, msomee jirani yako asiyejua kusoma. Kisha nendeni pamoja mkaangalie ukuta wake na ukuta wako.