Kambare wa Ruvu na mtumbwi wa mti mmoja

Kambare ndiye samaki anayewatoa watu usiku na mitumbwi katika sehemu ya chini ya Mto Ruvu, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, pale ambapo wasafiri wa misafara ya karne ya 19 waliuita mto huo Kingani. Hana magamba. Kichwa chake ni bapa na kigumu, mgongoni ana pezi moja refu, na mdomo umezungukwa na sharubu nane anazotumia kupapasa tope gizani. Wengi wanaovuliwa hawazidi urefu wa mkono wa mtu, ingawa kambare aliyeachwa akakua anaweza kupita mita moja na nusu.

Ulaya, Urusi na Amerika ya Kaskazini zina samaki wa namna hiyo kwa mwenendo, ingawa si wa ukoo mmoja naye: stajoni, mwenye sharubu nne na safu za vigamba vya mfupa, ambaye mayai yake huuzwa ghali kwa jina la kaviari. Wapo wanaomfuata kwa mishipi wakiwa ndani ya kayaki za plastiki. Kiasili stajoni hayupo katika mto wowote wa kusini mwa ikweta. Huku kwetu anayekula chini kabisa ya mto ni kambare, na kayaki yake ni mtumbwi.

Mtumbwi wa mtoni huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi mwembe, mti ambao Bagamoyo haina uhaba nao. Fundi hutumia shoka kupata umbo na tezo kukomba ndani, akipima unene wa ubavu kwa kugonga na kusikiliza. Mbao za mwembe huoza upesi kuliko mbao ngumu, kwa hiyo chombo hupandishwa ufukoni mara kwa mara kikauke, na chini yake hubabuliwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa. Tofauti na ngalawa ya baharini, mtumbwi huu hauna matengo ya ubavuni. Matengo yangekwama kwenye matete na mizizi ya mikoko. Bila hayo mtumbwi unapita penye maji ya kufika gotini na kugeuka mahali pembamba, lakini unataka mtu aliyekaa kwa utulivu, maana hakuna kinachouzuia kupinduka isipokuwa uzito wake mwenyewe. Mwendo wake ni kafi, na penye kina kifupi ni pondo. Upo wa kufulia maji hauachwi nyumbani.

Anayevua karibu na mlango wa mto huanza kwa kuhesabu maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua maji chumvi hupanda mbali ndani ya mto. Wakati wa maji mafu hubaki karibu na mikoko. Kambare ni wa maji baridi, huvumilia chumvi kidogo tu, hivyo mpaka wake unahama pamoja na mwezi. Chini ya mpaka huo ndoana huleta hongwe, binamu wake wa baharini mwenye miiba ya sumu. Mvuvi mzoefu huonja maji kwa ulimi kabla ya kushusha chubwi, na kipimo hicho hakijapata mbadala ulio rahisi zaidi.

Chambo ni nyungunyungu, matumbo ya kuku au kipande cha samaki kilichoanza kunuka, kwa kuwa kambare huongozwa na harufu kuliko macho. Katika mito na maziwa ya Afrika Mashariki wapo hata wanaotumia sabuni ya kufulia. Mtumbwi hufungwa kwenye tete au hushikiliwa na pondo lililochomekwa kwenye tope, na mshipi hukaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Juu ya maji tulivu huonekana viduara. Ni kambare wanaopanda kuvuta hewa, kwa sababu juu ya matamvua wana kiungo chenye matawi kama kichaka kinachowawezesha kupumua nje ya maji. Kiungo hicho ndicho kinachomruhusu samaki huyu kuishi kwenye dimbwi la tope ambalo lingemuua perege.

Kambare hanyakui chambo kwa ghafla. Kwanza mshipi hutikisika kidogo, kama unaoguswa na jani. Kisha hulegea, halafu huondoka taratibu upande mmoja. Anayevuta katika mtikisiko wa kwanza hukosa. Anayengoja uondoke kisha akakaza humpata. Mkubwa huzungusha omo ya mtumbwi, na mvuvi humwacha auvute mpaka achoke, akiwa amekaa, hasimami kamwe. Akifika ubavuni hupigwa rungu fupi kichwani kabla ya kuingizwa ndani, kwani mapezi yake ya kifuani yana mwiba wenye meno ya msumeno, na akijipinda kwenye miguu mitupu hukata vibaya.

Hatari kubwa zaidi ni kiboko. Mchana hukaa kwenye vina virefu, jioni hutoka kwenda kula nyasi, na mtumbwi uliosimama kwenye njia yake ya kurudi majini ndio unaopinduliwa. Kwa hiyo wavuvi hujua njia hizo kwa alama za nyayo ukingoni, na hugonga ubavu wa chombo wanapokaribia kona ili mnyama asishtuke. Kwa mamba, kanuni ni kutopasua samaki kando ya mtumbwi na kutoning'iniza mkono majini. Hali ni hiyo hiyo katika Mto Wami, unaoingia baharini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Sokoni, wateja wengi wa pwani hupendelea samaki wa bahari, na wapo wasiomla kambare kwa kuwa hana magamba, wakiwemo Wasabato. Wanaomla humsugua kwa majivu au ndimu kuondoa utelezi, humbanika mpaka akauke, kisha humpika kwa tui la nazi. Akibanikwa vizuri hukaa siku nyingi, na ndiyo maana huuzwa mbali na mto.

Uhai wa uvuvi huu wote umefungwa kwenye mafuriko. Masika mto unapomwagika mabondeni, kambare huufuata usiku hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na jike mkubwa hutaga mayai makumi ya maelfu yanayoganda kwenye majani. Huanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Maji yakirudi, vifaranga hurudi nayo. Mwaka usio na mafuriko ni mwaka usio na vifaranga wengi.

Mto huo huo ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, Bagamoyo, mwaka 1976; baada ya kupanuliwa inaweza kutoa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Oktoba 2022 kina kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgao wa maji. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, litakalohifadhi lita bilioni 190, linajengwa ili kiangazi kisilete tena shida hiyo, na jiji linalihitaji kweli. Lakini bwawa linalosawazisha mto mwaka mzima linaweza pia kuuondolea mto mafuriko yake. Watakaopanga ratiba ya kufungulia maji Kidunda wahesabu pia siku chache za masika ambazo Ruvu unapaswa kuachwa ujae hadi kwenye nyasi, kwa ajili ya samaki anayetaga huko na watu wa mitumbwi wanaomngoja chini ya mto.