Pakiti ya Chumvi Inakaa Siku Ngapi?

Ukifika mgeni Mbuba, wilayani Ngara, aghalabu utaandaliwa ndizi zilizopikwa na maharage, pembeni mchicha au kisamvu. Ukiwa mgeni wa heshima, mwenye nyumba ataona haya: leo hakuna nyama, hakuna wali, utusamehe. Hana la kusamehewa. Kwa anayeujali moyo wake, sahani hiyo inaushinda wali wa harusini na soda yake, na siri yake ni madini mawili: sodiamu na potasiamu.

Sodiamu tunaila ndani ya chumvi. Ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu inaongezeka ujazo, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa ikikaa miaka na mgandamizo huo, kuta zake hukakamaa, na misuli ya moyo hunenepa kisha huchoka. Mgandamizo huo ndio presha, na ubaya wake ni kwamba kwa muda mrefu haiumi popote. Potasiamu hufanya kinyume: husaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo na kulegeza kuta za mishipa. Mtu mzima anashauriwa apate walau miligramu 3,500 kwa siku. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina miligramu 400 hivi, na ndizi za kupika haziko mbali na hapo. Wali mweupe wa uzito huohuo una kama 35 tu.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapahapa ukanda wa Ziwa. Mwaka 1990 kundi la watafiti lililoongozwa na Neil Poulter lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Ndani ya mwezi wa kwanza tu presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Uzito nao uliongezeka, kwa hiyo chumvi haikuwa mtuhumiwa pekee, lakini kasi ya mabadiliko hayo inatisha. Koo walizotoka zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni maisha, na chakula kikiwamo.

Siku hizi huna haja ya kuhama. Sembe, maandazi, chipsi na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vimekwishafika kwenye senta za vijijini, na viungo hivyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na presha ya juu. Wengi hawakuwa wakijua.

Sasa tuangalie chungu chenyewe, maana chakula chema nacho huharibiwa jikoni. Maharage yakikaribia kuiva, chumvi. Ndizi zikiingia, chumvi tena, kwa sababu chungu kimejaa. Mchicha una yake. Chakula kikitengwa, baba anaomba kikopo cha chumvi kabla hajaonja. Hakuna aliyezidisha kwa makusudi, na ukimuuliza mpishi atakwambia anatia kidogo tu.

Ndiyo maana mimi siulizi unatia kiasi gani. Nauliza: pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa kichuguu. Nyumba ya watu wazima sita inapaswa kutumia gramu 30 kwa siku, hivyo nusu kilo iwafikishe siku 16 au 17. Kukiwa na watoto wadogo ikae zaidi, kwani wao wanahitaji pungufu. Andika tarehe kwa peni juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha kwa wiki moja, na hamkukaushia samaki, basi mnakula zaidi ya mara mbili ya kipimo.

Hesabu hiyo haijagusa magadi. Wengi hutia kipande kwenye maharage au kisamvu ili vilainike upesi na kuokoa kuni. Magadi nayo yana sodiamu, ila tu hayana ladha ya chumvi, kwa hiyo ulimi haukuonyi. Tena hupunguza vitamini. Loweka maharage usiku kucha, yataiva mapema bila hayo. Kayabo, yule sangara wa chumvi, mloweke na kumwaga maji kabla ya kumpika. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi ni bora zaidi.

Kupunguza chumvi kusimrudishe mtu kwenye chumvi isiyo na madini joto. Hayo tunayahitaji, hasa akina mama wajawazito. Nunua ileile ya pakiti, tia pungufu. Limau, kitunguu na pilipili vitaziba pengo, na ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Mafuta nayo yana neno lake, ingawa ningeanza na chumvi kwa kuwa kuipunguza hakugharimu hata senti. Mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu mbaya; alizeti ina unafuu mkubwa. Mafuta ya kupima huwezi kujua ni ya nini, na yale meusi ya kukaangia maandazi, yaliyokwisha kuchemshwa mara nyingi, yaache yalipo. Maharage, kwa upande wake, yana nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha hiyo lehemu.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China, kwa watu karibu 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu kuliko walioendelea na chumvi ya kawaida. Kwetu chumvi hiyo ni adimu madukani, lakini potasiamu yenyewe imejaa migombani.

Kuna watu ambao si ushauri huu wote unaowafaa. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu inaweza kurundikana mwilini mwake hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Huyo amuulize daktari kabla ya kuongeza ndizi na parachichi, na asiguse chumvi ya potasiamu. Na aliyekwisha kuanzishiwa dawa asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Aende zahanati apimwe, na ikibidi kipimo cha dawa kipunguzwe, kipunguzwe na aliyemwandikia.