SUKARI YA DAMU NA FUNGA YETU



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, kila kiumbe hai, kuanzia hamira hadi mnazi na mwanadamu, kina kemikali ambazo bila ya hizo hakiwezi kuishi, kukua wala kuzaana. Wataalamu huziita metaboliti za msingi. Miongoni mwake ni amino asidi zinazojenga protini, asidi za mafuta, na sukari iitwayo glukosi. Hapa tutaizungumzia glukosi, kwani mwenye kufunga huihitaji kila saa.

Damu yote ya mtu mzima ina takriban gramu 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Lakini ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Je, nyingine hutoka wapi? Tukishakula daku, kongosho hutoa insulini, na ini huweka akiba ya glukosi iitwayo glaikojeni, takriban gramu 100. Mchana ini huifungua ghala hiyo kidogo kidogo. Ikipungua, mwili huunguza mafuta, na ini hutengeneza glukosi mpya. Ndiyo maana mwenye afya hufika Magharibi salama, na ndiyo maana asiyekula daku huianza siku na ghala iliyokwisha kutumika usiku kucha.

Kwa mgonjwa wa kisukari, hasa anayejidunga insulini, mambo ni mengine. Dawa huendelea kuishusha sukari ilhali hakuna chakula kinachoingia. Dalili zake ni hizi:

1. Kutetemeka na kutoka jasho jingi.
2. Moyo kwenda mbio na njaa kali.
3. Kuchanganyikiwa katika maneno.

Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (3.9 katika mashine za milimoli), au ikizidi 300 (16.6), afungue papo hapo. Ukimuona babu ana dalili hizo, usingoje adhana: mpe maji ya sukari, kisha waite wakubwa. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kuipokea ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Basi kabla ya Ramadhani, tuwapeleke wazee wetu wenye kisukari kwa daktari, kisha wamuulize sheikh kuhusu kulipa au fidia.

Wabillahi tawfiiq.