Mchoraji Mgeni Chini ya Mbuyu

Msomaji mpenzi, ukisikia neno "tingatinga", ni kitu gani kinachokujia moyoni? Wengi wetu hapa pwani tutasema ni lile trekta kubwa la kulimia. Nami nilikuwa miongoni mwa hao, mpaka picha moja ya tausi iliponitia katika majadiliano na mama yangu mzazi.

Picha yenyewe niliinunua karibu na Ngomeni, hapa Mombasa, kwa kijana aliyekuwa amezipanga picha zake ukutani kando ya njia. Kwa lafudhi yake nilimtambua kuwa ni mgeni aliyetoka ng'ambo ya Lungalunga. Alitaka shilingi 2,000. Nikavutana naye bei, naye jua likimchwea bila ya kuuza kitu, mpaka nikaipata kwa shilingi 800. Nilipomwuliza ni nani aliyeichora alijibu, "Ni mimi mwenyewe, mzee wangu. Hii ni tingatinga."

Nilipofika nyumbani mama aliitazama mara moja tu. "Kitu chenye roho hicho, mwanangu," akasema. "Usikitundike chumba ninachosalia."

Maulamaa wetu wamelizungumza sana jambo hili la picha za viumbe, nami si shekhe wa kutoa fatwa. Nikamtii mama, nikaifunga picha kwa gazeti nikaiweka juu ya kabati. Lakini lile jina halikunitoka. Nikauliza na nikasoma, na nilipopata safari ya Dar es Salaam sikukosa kufika Oysterbay, mahali ambapo habari hii ilianzia.

Naam, Tingatinga alikuwa mtu. Jina lake kamili ni Edward Saidi Tingatinga, na alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania. Mamaye alikuwa Mkristo na babaye Mwislamu, na majina yake yenyewe yanaeleza hayo. Kwao kulikuwa na shida, na kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, katika miaka ya 1950 alifunga safari kwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Kutoka huko akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 tajiri yule akarudi kwao, na Edward akabaki mjini hana kazi wala shamba. Aliganga njaa kwa vibarua vya hapa na pale, na kwa kuuza mboga na matunda.

Siku zile Dar es Salaam ilikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliotembeza picha zao mitaani. Edward aliziona picha zile, akaona zinanunuliwa, akasema moyoni mwake kwamba hata yeye anaweza. Hakuwa amekanyaga shule ya uchoraji. Mwaka 1968 akaanza. Turubai na rangi za wachoraji wakubwa zilikuwa ghali, basi akachukua vipande vya mbao laini za dari, akavikata mraba, na akanunua rangi ya mafuta, ile ile inayopakwa baiskeli. Rangi hiyo hung'aa na haiogopi maji.

Namna yake ilikuwa nyepesi kuitambua. Ubao wote huupaka rangi moja, kisha katikati huweka mnyama mmoja aliyeujaza ubao: chui, tembo, au ndege mwenye mkia mrefu. Picha zikikauka hupelekwa Morogoro Stores, maduka ya Oysterbay ambako Wazungu wengi walikuwa wakinunua mahitaji yao. Hapo, chini ya mbuyu, ndipo palipokuwa duka lake. Mkewe, Agatha, alikuwa akimsaidia kuuza.

Biashara ikashika. Jamaa zake wa kusini, waliokuja mjini kama alivyokuja yeye, wakamzunguka kujifunza: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah na Simon Mpata. Aliwafundisha kwa kuwatia kazini, kama fundi seremala anavyomfundisha mwanagenzi. Hata alipopata kazi katika hospitali ya Muhimbili hakuacha kuchora.

Lakini umri wake haukuwa mrefu. Usiku mmoja wa mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari, na polisi wakalidhania gari lile kuwa la wahalifu waliokuwa wakitafutwa. Risasi zikafyatuliwa, na Edward akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kazi ya kuchora alikuwa ameifanya kwa miaka 4 tu.

Wanafunzi wake hawakuiacha kazi ikazikwa pamoja naye. Mpata alivuka mpaka akahamia kwetu Kenya, akachora Nairobi mpaka alipofariki mwaka 1984. Leo kuna hoteli ya watalii katika Masai Mara inayoitwa kwa jina lake. Wale waliobaki Dar es Salaam waliendelea pale pale Morogoro Stores, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walitazama katika televisheni katuni zilizoitwa Tinga Tinga Tales, nazo zilitengenezwa Nairobi. Ukienda Unguja leo utaziona picha za namna hii duka baada ya duka. Jina limeenea, lakini ni wangapi wanaojua kuwa lilikuwa la mtu aliyekuja mjini mikono mitupu?

Niliporejea Mombasa nilimsimulia mama habari hizi tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye ile risasi alisema, "Maskini, mtoto wa watu." Kisha akaniuliza jambo nisilolitarajia.

"Na yule kijana wa Ngomeni, ulimpa ngapi?"

Nikamwambia.

"Naye alikutajia ngapi?"

Nikamwambia pia.

"Picha mimi sina haja nayo," akasema mama. "Lakini jasho la mtu si halali yako. Nenda kammalizie."

Nilijitetea kwamba bei ni maelewano, na kijana aliridhia. Mama akanijibu kuwa mwenye njaa haridhii, ila hushindwa. Sikuwa na la kujibu.

Siku ya kwanza sikumkuta. Siku ya pili nilimpata amekaa pale pale, nikampa shilingi 1,200. Alidhani namtania. Nikaigeuza picha nikampa kalamu, nikamwomba aandike jina lake nyuma ya ubao. Akaandika polepole, na kando yake akaandika jina la kijiji chao.

Picha ile sasa imo ofisini kwangu, na mama ameridhika. Basi, ndugu msomaji, ukimkuta mchoraji njiani, hasa mgeni asiye na jamaa wa kumsemea, una hiari ya kununua au kupita. Lakini ukinunua, muulize jina lake, na umpe haki yake.