Muunganisho wa Foleni Ni Mali ya Nani?

Fungua ukurasa wa usimamizi wa RabbitMQ, seva ya foleni za ujumbe inayotumika sana, kisha bonyeza sehemu ya miunganisho. Kwenye mifumo mingi utakuta safu ndefu ya anwani za IP zisizo na majina, na hakuna mtu ofisini anayeweza kukuambia ipi ni ya nani. Moduli ya malipo imefungua yake, ya stoo yake, ya kutuma SMS yake. Ile ya ripoti, iliyoandikwa na kijana aliyekwishahama kazi, hufungua mpya kila saa na haifungi.

Chanzo chake ni nia njema. Watengenezaji programu wameambiwa kila moduli ijitegemee, basi kila mmoja ameweka mistari yake minne ya kujiunganisha na seva ya foleni. Lakini msimbo kujitegemea ni jambo moja, kila moduli kuwa na rasilimali zake ni jambo lingine kabisa. Ni kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja avute bomba lake kutoka barabarani.

Protokali ya AMQP inayotumiwa na RabbitMQ, ambayo John O'Hara alianza kuibuni mwaka 2003 akiwa JPMorgan Chase jijini London, ilikusudiwa miunganisho ya kudumu. Kufungua muunganisho mmoja tu huhitaji angalau pakiti saba za TCP kabla ujumbe wowote haujapita. Chaneli, yaani njia ndogo inayopita ndani ya muunganisho huo, hufunguliwa kwa pakiti mbili. Anayefungua na kufunga muunganisho kwa kila risiti anatumia angalau pakiti 14 kusafirisha ujumbe ambao ungetosha pakiti moja.

Sasa chukua programu yenye moduli 12, inayoendeshwa kwa nakala nane kwenye kila mashine, na mashine ziko nne. Hiyo ni miunganisho 384. Kila mmoja hula takriban kilobaiti 100 za kumbukumbu kwenye seva ya foleni, jumla kama megabaiti 38, na kusema kweli hizo hazimkoseshi mtu usingizi. Balaa huja siku seva ya foleni inapowashwa upya. Yote 384 hukatika kwa mkupuo, na kila moduli ina akili yake ya kurudi: moja inajaribu kila sekunde, nyingine inagonga bila kupumua, nyingine haina habari kwamba imekatika. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonekana hai huku foleni ikifurika. Maktaba ya RabbitMQ ya Java hujirudisha yenyewe. Amqplib ya Node.js haifanyi hivyo, na wengi hugundua usiku.

Dawa ni kuufanya muunganisho uwe mali ya programu nzima. Ufunguliwe programu inapowaka, kabla ya moduli kupakiwa, upewe jina linaloeleweka, na kanuni ya kurudi baada ya kukatika iandikwe mahali pamoja tu. Moduli ziombe chaneli. RabbitMQ kwa kawaida huruhusu chaneli 2047 kwa muunganisho mmoja, kwa hiyo nafasi ipo tele. Ila chaneli moja isichangiwe na nyuzi mbili za utekelezaji kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mimi hushauri miunganisho miwili kwa kila nakala: mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea. Kumbukumbu ya RabbitMQ ikivuka kiwango kilichowekwa, seva huzuia miunganisho inayotuma ujumbe, haisomi tena chochote kinachotoka huko. Kama wapokeaji wako nao wamepanda muunganisho huohuo, uthibitisho wao kwamba ujumbe umeshashughulikiwa unakwama njiani. Foleni haipungui, kumbukumbu haishuki, kizuizi hakiondoki. Mfumo umejifunga wenyewe kwa mkono wake.

Kuzima nako kuna utaratibu, na hapa ndipo watu huvurunda. Acha kwanza kupokea ujumbe mpya, maliza ulio mkononi, thibitisha, funga chaneli, kisha miunganisho, na hifadhidata iwe ya mwisho kabisa. Programu nyingi hufunga hifadhidata mapema, halafu ujumbe unaofika unakosa pa kuandikwa. Na ujumbe wowote usiothibitishwa RabbitMQ huurudisha kwenye foleni, hata kama kazi yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mteja anaweza kupata SMS mbili za malipo mamoja. Mpangilio mzuri hupunguza hilo, haulimalizi. Moduli yenyewe lazima iweze kutambua ujumbe iliokwisha kuushughulikia. Kama mfumo wako unagusa pesa za watu, uzime ghafla kwenye mazingira ya majaribio ukiwa na kazi nyingi, uuwashe, kisha uhesabu risiti.