Binti ameposwa: tuitayarishe ngozi yake, tusiichome

Juma lililopita, likelemba ilipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma akitungoja mlangoni. Binti yake ameposwa, mali imetolewa, na arusi itakuwa mwezi wa nane, wakati wa vakansi. Akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni pomadi gani nzuri ya kumpaka binti apate rangi mbele ya arusi? Watu wa upande wa bwana-arusi wanasema yeye ni mweusi sana."

Tulimjibu maneno machache, kisha tukaenda nyumbani na swali lake. Tunajua si yeye peke yake anayeliuliza. Kiangazi kinakaribia, na hapa Kama, sawa na kule Kalima na Kindu, kuna nyumba nyingi zenye bibi-arusi. Kwa hiyo tunajibu hapa, ili kila mama asikie.

Wamama wapenzi, hatusemi kama watu wasioyajua mambo haya. Sisi wenyewe tulipaka. Tulikuwa tunamaliza masomo ya ualimu Kindu, arusi ikiwa imebaki miezi miwili, tukanunua sokoni kikopo kisicho na jina, mchanganyiko wa muuzaji mwenyewe. Juma la kwanza uso uling'aa. Juma la tatu ulianza kuwaka kila tulipopita juani. Siku ya arusi uso ulikuwa mweupe, lakini vifundo vya vidole vilibaki vyeusi kama kawaida. Tulipoacha, madoa yakatokea mashavuni, meusi kuliko ngozi yetu ya zamani. Picha ya siku ile ingali ukutani. Mtoto wetu mdogo aliitazama siku moja akauliza: "Mama, huyu ni nani?"

Kilicho ndani ya kopo

Rangi yetu nyeusi inatoka kwenye kitu kinachoitwa melanini. Mwili wenyewe unaitengeneza ili jua lisiunguze ngozi. Pomadi na sabuni za kujichubua zinazuia kazi hiyo, au zinaikondesha ngozi yenyewe. Vitu vitatu ndivyo vinavyotumiwa zaidi.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Kwenye kopo imeandikwa "hydroquinone". Mwanzoni inapunguza rangi. Ikipakwa muda mrefu, inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi usoni, ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa dawa rahisi. Waganga wa Afrika ya Kusini waliyaandika madoa hayo tangu mwaka 1975, walipoyaona kwa wanawake waliojichubua. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza hidrokinoni katika pomadi za urembo tangu mwaka 2001.

Cha pili ni zebaki, kile chuma cha maji ambacho wachimbaji wanakitumia kukamata dhahabu. Katika jimbo letu la Maniema jina hilo si geni. Kwenye sabuni na pomadi inaandikwa "mercure", "mercury" au "calomel", na mara nyingi haiandikwi kabisa. Zebaki inapenya ngozi, inaingia katika damu na kuharibu figo. Mama mwenye mimba anampitishia mtoto aliye tumboni. Hata wale wanaoishi naye nyumba moja wanaweza kuipata, kwa sababu inatoa mvuke na inabaki kwenye mashuka na taulo. Mapatano ya dunia yanayoitwa Minamata yameanza kazi mwaka 2017, na yanakataza pomadi za kujichubua zenye zebaki.

Cha tatu ni dawa za hospitali za jamii ya kortikoidi, kama ile inayoandikwa "clobetasol". Hiyo ni dawa ya kweli: muganga anaiandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, kwa siku chache, pahali padogo. Mtu akiipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka michirizi mapajani na tumboni, na vidonda vinakawia kupona. Presha na sukari ya damu vinaweza kupanda. Tufikiri kidogo: binti anaolewa, anapata mimba, pengine anazaa kwa kupasuliwa. Ngozi iliyokonda inamsumbua muganga anayeishona, na mshono unakawia kufunga. Pomadi ya siku moja ya arusi inamfuata mpaka kitanda cha uzazi.

Jirani zetu wameona hatari hii. Rwanda, tangu mwisho wa mwaka 2018, polisi walianza kupita madukani wakiziondoa. Sisi tusingoje polisi. Kopo linapita kwanza mikononi mwa mama au shangazi kabla ya kufika kwa binti.

Koko zetu walifanya nini

Wengine wanasema: "Bila pomadi, bibi-arusi atatayarishwa namna gani?" Koko zetu hawakuwa na pomadi za kopo, na hata hivyo walitoa mabibi-arusi wazuri. Walikuwa na mafuta ya kokwa za ngazi. Walikuwa na ule unga mwekundu wa mti, nkula au ngula, uliosagwa na kuchanganywa na mafuta. Walimpaka binti kwa mikono yao, na wakati wa kupaka walimfundisha mambo ya nyumba. Lengo lao lilikuwa ngozi laini, yenye afya na yenye kung'aa. Hawakutafuta ngozi ya mtu mwingine.

Huko pwani, Zanzibar, desturi ni ya namna hiyo. Bibi-arusi anakaa ndani siku kadhaa, na mwanamke mwenye ujuzi, somo yake, anamsinga kwa singo: maua ya asumini na mawaridi, mrihani, karafuu na liwa, vikiwa vimesagwa pamoja. Ndipo anatiwa hina. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Kindu hina wanaijua vizuri. Lakini hapa tuangalie: hina ya kweli inatoa rangi nyekundu ya udongo. Ile nyeusi kabisa, inayoshika kwa dakika chache, mara nyingi imetiwa dawa ya kupaka nywele. Dawa hiyo inaweza kuchoma mikono na kuacha kovu.

Miezi mitatu, hatua kwa hatua

Ngozi inajibadilisha polepole. Inachukua karibu mwezi mmoja kuleta tabaka jipya juu. Kwa hiyo tusianze siku nane mbele ya arusi. Tuanze mapema.

Mwezi wa kwanza: kuponya. Binti akiwa na upele unaowasha usiku, au choa, aende kwenye kituo cha afya. Upele unatibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja, la sivyo unarudi. Choa kisipakwe mchanganyiko wa sokoni: kortikoidi inaificha alama, huku ugonjwa unaenea. Na kama binti amekwisha kujichubua kwa muda mrefu, tusimfokee. Aende na kopo lake kwa muganga, amwongoze namna ya kuacha, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kuiwasha ngozi vibaya sana.

Mwezi wa pili: kulisha na kusafisha. Ngozi inajengwa kutoka sahani. Sombe, lengalenga, maharagwe, samaki, papai, avoka, na mawese ambayo hayakuchomwa mpaka yakawa meupe, kwa maana ule wekundu wake ndio unaoupa mwili vitamini A. Maji safi ya kunywa kila siku. Usingizi wa kutosha, chini ya chandarua. Kuoga kwa sabuni ya kawaida, na mafuta yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo yanaizuia isikauke.

Mara moja kwa juma, binti asuguliwe. Mchele wetu wa Maniema unatosha: uloweke, utwange uwe unga laini, changanya vijiko vitatu na kijiko kimoja cha asali na mafuta kidogo. Sugua mikono, miguu, viwiko na magoti polepole, kisha osha. Usoni pitisha kwa wepesi zaidi. Asisuguliwe kwa jiwe wala kwa brashi ya nguo. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa inaacha doa. Kwa sababu hiyo hiyo chunusi zisikamuliwe.

Ndimu tuiache jikoni. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, inaungua na kuacha madoa kwa majuma mengi.

Mwezi wa tatu: kulinda. Kazi ya shamba ifanywe asubuhi mapema, na binti avae kofia au kitambaa kichwani. Hakuna kitu kipya kinachoingia usoni katika majuma mawili ya mwisho. Poda au rangi ya mdomo ya siku ile ijaribiwe kwanza kwenye mkono, sehemu ya ndani, na kungoja siku mbili. Kama inawasha au inavimba, iachwe.

Hesabuni wenyewe: asali, mchele na mafuta vingi vinatoka katika mashamba yetu. Feza iliyotengwa kwa ajili ya pomadi inunue mayai na samaki kwa miezi hiyo mitatu, na nyumba nzima itafaidi.

Neno kwa mama

Binti hazaliwi akichukia rangi yake. Anaisikia nyumbani kwanza. Tunasema mbele yake: "Huyu ni mweusi kama chungu, dada yake ndiye mzuri." Sisi walimu tunasikia maneno hayo mpaka kwenye uwanja wa shule; watoto wanayarudilia kama walivyoyasikia. Siku ya arusi ikifika, binti amekwisha kuyaamini.

Na wale wa upande wa bwana-arusi wanaosema ni mweusi sana, wapewe jibu la heshima. Kijana wao alimwona binti hivi alivyo, akamtuma baba yake kuja kuuliza, na mali ikatolewa kwa ajili ya binti huyo. Kumbadilisha sasa ni kumpa bibi ambaye hakumwomba.

Mama aliyetuuliza mlangoni alirudi siku ya tatu. Hakuleta kopo. Alikuja na binti mwenyewe, wakakaa barazani, tukaloweka mchele pamoja. Binti alinyosha mkono, akauangalia kwa muda, akauliza kama mafuta ya ngazi yatauacha ung'ae namna hiyo mpaka mwezi wa nane. Mama yake akamjibu: "Utang'aa, mwanangu. Mimi nitakupaka."