Kinachozizima Land Rover za petroli

Land Rover Series III za petroli zilizoegeshwa nyuma ya misheni, ofisi za wilaya na gereji za mikoani hazikufika pale kwa kuvunjika. Chasisi za nyingi bado zinafaa, bodi ya aluminiamu haijui kutu, na ukiizungusha injini kwa hendeli inazunguka. Visa vyake hufanana. Gari lilianza kupiga risasi kwenye ekzosi, kisha likawa linazima njiani. Mafundi watatu, wanne wakalishika kwa zamu, kila mmoja akabadilisha alichodhani ndicho, fedha ikaisha, likaegeshwa. Mengine yaling'olewa injini na kuwekewa dizeli ya Kijapani. Hasara hii ingeweza kuepukwa, na uzee wa injini haukuwa sababu yake kubwa. Kilichotoweka ni utaratibu wa kupima kabla ya kubadilisha.

Injini yenyewe haina siri. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita za mchemraba 2,286, kabureta moja na distributa moja, wala haina kompyuta. Gari hili lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na mengi ya Afrika Mashariki yaliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland. Vipimo vyake vya msingi ni vichache: mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, pengo la pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40, pengo la tapeti ni milimita 0.25. Fundi wa zamani alivibeba kichwani, na fila geji ilikaa mfuko wa shati.

Mlipuko una maana, na jambo la kwanza ni kusikiliza unatokea wapi. Ukitokea kwenye ekzosi, petroli imepita kwenye silinda bila kuungua, ikakutana na moto na hewa huko mbele. Maana yake cheche ilikosekana kwa kitambo, au ilichelewa, au vali ya kutolea moshi haifungi, au ekzosi imetoboka na inavuta hewa. Ukirudi kwenye kabureta, moto umekuta vali ya kuingiza iko wazi: mchanganyiko una petroli kidogo mno na unaungua polepole, taimingi imehama, waya za plagi zimepishanishwa, au vali ya kuingiza imekwama. Ni makundi mawili tofauti kabisa ya ugonjwa. Hata hivyo, katika gereji nyingi leo, risasi za aina zote mbili hujibiwa kwa tendo moja: kufungua kabureta na kuiosha.

Namna gari linavyozima nayo ni ushahidi. Likikata ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, tatizo karibu kila mara ni la umeme. Likianza kukohoa, likapungua nguvu, likajivuta mita mia moja kisha likafa, tatizo ni la mafuta: filta imeziba, kutu ya tangi imejaa kwenye bomba, dayaframu ya pampu imechanika, au tundu la kupumulia la tangi limezibwa na vumbi. Dereva aliyekuwa kwenye usukani anajua lilizima vipi. Ni mara chache sana siku hizi fundi kumuuliza.

Hapa kuna kosa ambalo limegharimu magari mengi. Gari linakwenda vizuri kwa nusu saa au zaidi, linapata moto, linazima. Dereva anafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu, anasubiri, gari linawaka, na watu wanakubaliana kwamba petroli ilichemka kwenye bomba. Wakati mwingine ni kweli. Lakini koili inayokufa hufanya hivyo hivyo, na kondensa pia: zikipata joto zinakata, zikipoa zinarudi. Dakika zile za kusubiri ndizo zilizoliwasha gari, na kitambaa kikapewa sifa. Namna ya kuamua ni moja, na ni lazima ifanyike palepale gari linapozima: chomoa waya wa plagi, iweke plagi ya akiba kwenye waya huo, iguse chuma cha injini, mtu azungushe stata. Cheche ya buluu yenye mlio inaondoa umeme kwenye mashtaka. Cheche ya njano, dhaifu, au kutokuwepo kabisa, kunaiondoa pampu. Ukingoja hadi gari lifike gereji limepoa, ushahidi umepotea.

Kondensa inastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa ni kifaa kidogo kuliko kidole na cha bei ndogo. Kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapofunguka, ili sumaku ya koili ianguke mara moja na cheche iwe kali. Ikichoka, umeme unaruka kwenye pointi zenyewe. Zinaungua, zinaota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, na injini inaanza kumisi na kupiga risasi. Fundi anaona pointi zimeungua, anabadilisha pointi, anaiacha kondensa. Baada ya muda mfupi pointi mpya nazo zimeungua. Siku hizi mambo yamekuwa magumu zaidi kwa sababu kondensa nyingi zinazouzwa ni hafifu, nyingine ni mbovu kabla hazijatoka kwenye boksi. Ile ya zamani iliyokwisha kuthibitishwa barabarani ni bora kutunzwa kuliko kutupwa. Ndani ya distributa kuna pia waya mfupi wa ethi unaojikunja kila bamba la pointi linapocheza. Hukatika ndani ya ganda lake, kwa macho unaonekana mzima, na gari huzima kila unapokanyaga mafuta.

Kisha kuna shafti ya distributa, na hapa uzee ni wa kweli. Bushi zake zikilika, shafti inayumba, na pengo la pointi linakuwa tofauti kwa kila silinda. Taimingi uliyoiweka injini ikiwa silensa inahama ukiongeza mwendo. Hakuna urekebishaji wa kabureta utakaoponya hilo. Shika rota kwa vidole viwili na uisukume pembeni. Ikicheza waziwazi, tafuta mchonga vyuma atengeneze bushi mpya kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kabureta yenyewe haina hatia kubwa kama inavyodhaniwa, ingawa Zenith iliyofungwa kwenye magari mengi ya aina hii ina udhaifu wake. Sehemu ya juu hujipinda kwa kukazwa kupita kiasi, na pete ya mpira iliyomo ndani huchoka, petroli ikavuja mahali isipotakiwa. Gari linakosa silensa, linatoa moshi mweusi na kuzima kwenye makutano ya barabara. Dawa ni pete mpya na kuisawazisha sehemu hiyo ya juu kwa msasa juu ya kioo. Kuosha jeti kwa petroli na kupuliza, jambo linalofanywa kila wiki, hakugusi tatizo hilo. Na kabla ya hapo, mpira wa servo ya breki na gasketi ya manifoldi vichunguzwe kama vinavuta hewa. Hewa ya wizi hapo inatosha kuleta risasi za kabureta na kuzima kwa pamoja.

Ipo pia sababu iliyotoka nje ya gereji. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, kwa kuwa madini yale yalikuwa yanaharibu ubongo wa watoto. Lakini yalikuwa pia yanakinga viti vya vali katika injini za zamani. Pale ambapo kiti si cha chuma kigumu, vali huzama kidogo kidogo, hasa gari likibebeshwa mzigo mzito na mwendo mrefu. Pengo la tapeti linafungika, vali haikai, inaungua, kompresheni inashuka, risasi zinaanza. Mwenye gari hufurahi kwamba injini imekuwa kimya kuliko zamani, kumbe ukimya wa tapeti ndio onyo. Fila geji ingeonyesha hilo miezi kabla.

Kwa miaka mingi, gari likipiga risasi, lawama ya haraka ilikuwa mafuta ya taa. Petroli iliyochanganywa nayo ilikuwapo, na iliziumiza injini. Ili kuzuia uchanganyaji huo, Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na baadaye ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa lengo hilohilo. Mwanya wa faida ulibanwa. Risasi hazikukoma, na wanaoendelea kulaumu kituo cha mafuta bila kupima cheche wanakwepa kazi.

Kwa nini basi kupima kumekufa? Vijana walioingia gereji tangu magari yaliyotumika ya Japani yalipoanza kumiminika wamejifunza kwa mashine inayosoma hitilafu na kutaja namba. Ni ujuzi halali, na magari hayo yanauhitaji. Lakini Series III haina pa kuchomeka mashine hiyo. Malipo nayo yanavuta upande uleule: mteja hulipa kwa kifaa kilichobadilishwa anachoweza kukishika mkononi, halipi kwa saa nzima ya kupima inayoishia kwenye waya wa ethi wa senti chache. Mafundi waliozijua injini hizi walistaafu bila wanafunzi, kwa sababu hakuna aliyewalipa kufundisha.

Wapo wanaofunga mfumo wa cheche wa kielektroniki mahali pa pointi na kondensa. Nauona kuwa suluhisho la haki kwa gari la kazi, mradi bushi za distributa ni nzima. Kung'oa injini ni jambo jingine. Dizeli ngeni ina uzito wake, inahitaji mabano mapya na bomba jipya, mara nyingi inazidi nguvu giaboksi na ekseli, na gharama yake inashinda matengenezo kamili ya injini iliyopo. Atakayependekezewa hivyo adai kwanza majibu manne yaliyoandikwa: kompresheni ya kila silinda, rangi ya cheche injini ikiwa ya moto, mchezo wa shafti ya distributa, na kiasi cha petroli inachosukuma pampu kwa dakika. Vyote hivyo ni kazi ya asubuhi moja, na gereji isiyoweza kuvipima haijui bado kwa nini gari linazima.